Filomena, Msomaji Aliyefunga Kitabu

Filomena Cyprian alizaliwa Newala mwaka 1989, akabatizwa angali mchanga, na akalelewa Tandale na shangazi yake aliyeuza mihogo sokoni. Alikuwa mpole, ila akisoma Maandiko hata waliosimama mbali walimsikia. Ndiyo sababu mhubiri Apolinari alimfanya msomaji wake katika mihadhara ya uwanjani. Kila Jumamosi alasiri Apolinari alipaza sauti, "Msomaji, soma!", Filomena akasoma aya, na dini ya jirani ikazomewa. Waliokuwa wakishangilia ni watu wetu Wakristo, kana kwamba Mungu amesajiliwa na timu yao. Tusifiche: ule haukuwa uinjilisti. Yalikuwa majivuno yaliyovaa rozari.

Jumamosi moja ya Juni 2017, Apolinari aligeuza spika zielekee kwenye turubai la msiba wa Hamida, Mwislamu aliyepakana na Filomena ukuta kwa ukuta. Talha, mwana wa Hamida mwenye miaka sita, alikuwa amezikwa jana yake.

"Leo tuwaambie mtoto wao yuko wapi! Msomaji, soma!"

Filomena aliinua macho, akalitazama turubai.

"Soma, sista! Au miwani umeiacha kwenye mihogo?" vijana walicheka.

Filomena alifunga Biblia. "Unisamehe, baba. Mtoto huyo nimembeba mgongoni. Sisomi."

Akavuka uwanja, akaketi mkekani ubavuni mwa Hamida.

Walimwita msaliti. Jumuiya yake ya sala ikamnyima kusoma, na kanisani, wakati wa kutakiana amani, mkono wake uliachwa ukining'inia hewani. Aibu hiyo ni yetu, si yake! Yeye hakuacha kusali nao. Figo zilipomwangusha, Hamida ndiye aliyempikia uji na kumwogesha, mpaka Filomena alipofariki katika hospitali ya Mwananyamala, Machi 2022.

Leo akina mama wa jumuiya ile huwahi kuketi msibani kabla ya kuuliza marehemu alikuwa dini gani. Tumwige Filomena, tena kwa kuona haya. Na anayetaka ajabu lake, ni hili. Makaburini, siku ya kumzika, Apolinari alishika kipaza sauti atangaze ubora wa imani yetu, hata pale, mbele ya jeneza. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, midomo ikacheza bure. Hatimaye alikiweka chini, akamwendea Hamida, akapiga magoti, ndipo sauti ikamrudia.

"Mama Talha," alisema, "mie sijui mwanao yuko wapi. Sikuwahi kujua. Nilitaka tu kushinda."