Anayetusemea Kwenye Kamati Hajawahi Kumeza Hata Kidonge Kimoja

Admin, ficha jina na picha, lakini maneno usinipunguzie. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, naosha malori hapa Miasenyi, na tusidanganyane, kutoka hapa hadi Voi hakuna anayeng'arisha tela kunishinda. Shule niliachia form two. Lakini kichwa ninacho, ndio maana nikachaguliwa kuwakilisha vijana kwenye kamati ya kujitolea inayopanga huduma za ukimwi hapa kwetu.

Kamati yenyewe ni kichekesho. Wanafungua kwa maombi, wanafunga kwa maombi, katikati wanangoja chapati. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu anayetuongelesha kama tumechelewa paredi. Kuna kiti kimoja cha mtu anayeishi na virusi, na hicho amekikalia shemeji wa mwenyekiti. Tunamwita Balozi, kwa sababu anajiita hivyo mwenyewe. Semina zote za Mombasa ni zake, na kila sentensi anaianza na "sisi tunaoishi na virusi".

Sasa siri yangu. Anayeishi navyo ni mimi. Mwaka wa tatu huu nameza dawa, na nina nguvu kuliko wengi wenu mnaosoma hii. Anayejua ni mama yangu, na sista wa zahanati anayenipa dawa Jumamosi asubuhi, wakati pale kuna wagonjwa wachache tu wa meno na kikohozi na hakuna anayeuliza umefuata nini. Tunakuwa mimi na akina mama wawili wa shamba la katani. Tunasalimiana kwa macho.

Na Balozi? Hana kitu. Nilijua siku Mama Mghoi, mjumbe wa kutoka Marungu, alipomuuliza kwa upole kikaoni, "Baba, hizo dawa hazikusumbui tumbo?"

Jamaa akajibu bila haya, "Nameza asubuhi, mchana na jioni, mama. Dozi ya wiki ikiisha naenda kuongezewa."

Nikacheka. "Hiyo ni ya kikohozi, mzee. Hii ni kidonge kimoja kwa siku, maisha yako yote."

Akanigeukia. "Na wewe kijana umejuaje?"

Mdomo wangu wote huu ukakimbilia uongo. Nikasema nilisoma kwa ukuta wa zahanati. Mwenyekiti akasema, "Aliyeshindwa na form two asitufundishe." Wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Kikao hichohicho mwenyekiti akaleta mpango wake. Jumamosi ifutwe. Dawa zitolewe Jumatano pekee, chini ya hema, mbele ya zahanati, kando ya barabara kuu, ili wageni wakija kukagua kazi waone huduma kwa macho. Akauliza wahusika wanasemaje. Balozi akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Sisi tunaoishi na virusi hatuna aibu tena. Hema tunalikaribisha." Makofi.

Sista alikuwa hapo. Anajua Balozi hayuko kwenye rejista yake, na anajua mimi niko. Nilimfuata nje.

"Sista, umeona ule ujinga?"

"Nimeona. Mimi kazi yangu imenifunga mdomo. Wewe wako umefungwa na nani?"

Akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata, nilipoenda kuchukua dawa, mmoja wa wale akina mama aliongea na mimi mara ya kwanza. Habari ya hema imemfikia. Aliniambia, "Wakiniweka pale barabarani, mwanangu, bora niache dawa." Hajui hata kama niko kwenye hiyo kamati, na mimi sikumwambia.

Kikao cha kupitisha ni Jumanne. Nikisema Balozi ni muongo, wataniuliza tena nimejuaje, na itabidi nijibu. Kufika jioni Miasenyi nzima itakuwa na habari zangu, na bosi wangu ni mtu wa kumtengea mtu kikombe chake pekee. Nikinyamaza, mimi siumii. Nahamisha kadi yangu ya kliniki Voi, nauli ninayo. Yule mama hana, na hana mwingine wa kumsemea ila huyo mjinga wa koti.

Kwa hivyo nipeni jibu kabla ya Jumanne: nisimame niseme, ama nihame kimya? Na wewe unayetaka kuniandikia pole, baki nayo.