Tarehe Niliyoiandika Kwenye Friji

Admin, nakuomba ulifiche jina langu. Kanisani kwetu wengi wanausoma ukurasa huu, na Mum akitambulika nitakuwa nimemuumiza mara ya pili.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Naishi Herndon, Virginia, na Mum peke yake. Tulitoka Kenya nikiwa na miaka minane. Kule Mum alikuwa mwalimu wa hesabu na Kiswahili. Hapa anafundisha hesabu shuleni, na Kiswahili ananifundisha mimi, kila Jumapili kwenye meza ya jikoni, kwa kalamu yake nyekundu. Wenzangu wakisemeshwa Kiswahili na wazazi wao hujibu kwa Kiingereza. Mimi nikijaribu hivyo, Mum hujifanya kiziwi mpaka nirudie vizuri.

Mwaka huu leseni yake ya ualimu ilikuwa inakwisha. Siku moja nilisema anataka "kurinyuu" leseni, akanikatiza. "Kuhuisha," akasema. "Maana yake kuipa uhai tena." Ili aihuishe alisoma masomo mawili chuoni baada ya kazi. Alikuwa akirudi amechoka hadi anakula na koti mwilini. Kilichobaki ni kupeleka vyeti vya masomo hayo kwenye ofisi ya leseni.

Barua ya ofisi ilifika Jumamosi moja ya Aprili, Mum akiwa kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi Jumamosi. Nilimpigia simu. "Katibu wangu, hebu ifungue," akasema. "Wanataka vyeti lini? Niandikie hapo kwenye friji."

Barua ilitaja siku ya sita ya mwezi wa Mei, na jina la mwezi lilikuwa limeandikwa wazi. Lakini rafiki yangu alikuwa ananisubiri nje, nikafupisha kama tunavyofupisha shuleni huku, mwezi ukitangulia: "Vyeti vifike 5/6." Barua nikaitia kwenye droo. Mum aliporudi alisoma karatasi yangu kama atakavyoisoma yeyote aliyesomea Kenya: tarehe tano, mwezi wa sita. Barua yenyewe hakuiulizia. Aliniamini.

Vyeti vilifika nyumbani mwisho wa Aprili. Mum haamini posta, alitaka avipeleke kwa mkono wake, kwa hiyo akaviweka kwenye faili la bluu juu ya kabati akisubiri siku ya ruhusa. Mwezi mzima wa Mei faili lile lilikaa pale. Nililipangusa vumbi mimi mwenyewe.

Tarehe nne Juni nilirudi kutoka shule nikakuta gari lake limeegeshwa nje. Yeye alikuwa bado amekaa ndani, amevaa suti yake ya kijivu ya kanisani, mkanda wa gari haujafunguliwa. Niligonga kioo.

"Nimechelewa karibu mwezi mzima," akasema. "Karani amenionyesha nakala ya barua. Imeandikwa wazi kabisa, Mei. Mwalimu wa hesabu anashindwa kusoma tarehe!" Alianza kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. Muda wote huo hakuniangalia.

Nilielewa palepale. Niliingia ndani kuitazama friji. Karatasi yangu haikuwepo. Nilijiambia labda imeangukia nyuma.

Sasa darasa lake la Septemba atapewa mwalimu mwingine, na Mum amewaambia wale wa nyumba ya wazee kwamba anaweza kufanya kazi siku zote za wiki. Jumapili, baada ya ibada, Mama Kevo, muumini mwenzake, alimtania mbele ya watu. "Mwalimu mzima! Kwani ulikuwa unafundisha hao watoto ukiwa umefunga macho?" Watu wakacheka. Mum naye akacheka. "Ni macho ya uzee, dada yangu. Ukifika umri wangu utaniambia." Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya chapati, nikaendelea kugawa.

Juzi alinituma nimletee miwani. Nilipofungua kile kikasha chake, ndani niliikuta karatasi yangu, imekunjwa mara nne. Juu ya ile 5/6 amepiga mstari mwekundu, na pembeni ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: 6 Mei. Tangu nijue kusoma, Mum hajawahi kusahihisha kazi yangu asinirudishie niandike masahihisho. Hii hakunirudishia.

Kumbe anajua. Na ameamua kulibeba kosa langu.

Ofisi imemruhusu aandike barua moja ya kueleza sababu ya kuchelewa, kisha kamati itaamua. Inatakiwa kufika Ijumaa. Jana alinisomea maneno, mimi nikachapa. "Andika kwamba ni uzembe wangu," akasema. Niliacha kuchapa. "Mum, si lazima tuseme uzembe," nikasema. Akanijibu taratibu, "Chapa, mwanangu. Kosa la nyumba hii ni langu."

Nimeandika barua yangu mwenyewe, nusu ukurasa, kuieleza kamati kwamba ni mimi niliyeandika tarehe ile. Natamani kuitia ndani ya bahasha yake. Huenda wakamhurumia. Huenda pia wakasema mwalimu gani anamwachia mtoto kazi ya ofisi, nikawa nimemmalizia kabisa. Nikimwambia kwanza, najua atanikataza, na nitakuwa nimemnyang'anya kitu alichoamua kunipa bila kunitajia. Nikinyamaza, nitakuwa nikimwona kila asubuhi akivaa sare ya nyumba ya wazee, nami natoka kwenda shule.

Ninyi mlionizidi umri, na hasa ninyi akina mama, niambieni nishike njia ipi. Bahasha iko mezani na bado haijafungwa. Barua yangu iko chini ya mto wangu. Tarehe yake nimeiandika kwa maneno.