Mgombea wa Viatu Vyeupe

Kwenye gati la Lubunga, ng'ambo ya mji wa Kisangani, hakuna aliyemshinda Papa Wenceslas kwa siasa. Kwa kuendesha mtumbwi wapo waliomshinda, tena wengi, lakini kwa siasa, thubutu! Miaka kumi na tisa alikuwa anavusha watu kwenda mjini na mtumbwi wake wa injini, na miaka yote hiyo bac, kile kivuko kikubwa cha chuma kinachoweza kubeba malori na watu mia mbili kwa safari moja, ilikuwa imelala kando ya gati, injini imekufa, majani yameota mpaka ndani ya chumba cha nahodha. Kuku wa jirani walitaga humo. Wenceslas alikuwa anaipita kila asubuhi na kuipungia mkono, maana bac ingekuwa hai, yeye angekula nini?

Sasa mnisikilize vizuri. Kila uchaguzi ulipofika, wagombea walivuka mto kuja kuahidi kwamba wataifufua bac. Na kila mara aliyepaza sauti kuliko wote, aliyevaa fulana ya kampeni na kofia yake, aliyetunga mpaka wimbo wa kudai bac, alikuwa ni huyohuyo Wenceslas.

Kampeni za mara hii zilipopamba moto, mpwa wake Falonne alikuja na fomu zake za maswali. Falonne alikuwa anasoma sayansi ya siasa pale Chuo Kikuu cha Kisangani, na kazi yake ya mwisho ilitaka kujua kama wapiga kura wa Lubunga wanaelewa masilahi yao wenyewe. Alimkuta mjomba wake amekaa ukingoni mwa mtumbwi, namba 47 ya mgombea wake imemjaa kifuani, anakula beignet, andazi la mafuta.

"Tonton," akasema, "bac ikianza kutembea, tena bure vile banasema, nani atapanda pirogi yako?"

"Hakuna."

"Alors juu ya nini unamupigia mutu wa bac kampeni?"

Wenceslas akatazama kushoto, akatazama kulia, akajipangusa mafuta ya beignet mdomoni. Alikuwa na hamu ya kumwambia mtu jambo hili kwa miaka.

"Sikia, mutoto wa dada yangu. Ninyi ba université munafikiri kura iko ya kuombea kitu. Kura ingine iko ya kufungia kitu. Mutu akichaguliwa juu ya bac, ile bac inakuwa ahadi yake. Mwingine haigusi tena. Donc mimi ninatafuta mutu mwenye hawezi. Ninamupa bac mukononi, anaikalia miaka tano, mimi ninavusha batu."

Falonne akachomoa kalamu. Lakini mjomba hakuwa amemaliza, kwani mara hii kazi ya kuchagua asiyeweza ilikuwa imemtoa jasho. Wagombea wa bac walikuwa wawili. Wa kwanza, Ingénieur Josué, alikuja na viatu vya mpira, akapanda juu ya bac mwenyewe, akaingiza mkono ndani ya injini na kuutoa na grisi mpaka kwenye kiwiko, kisha akaulizia kipuri fulani kwa jina lake. Siku ile Wenceslas alisahau hata kuita wateja. Wa pili, Honorable Timothée, alikuja na viatu vyeupe pepe. Ilibidi vijana wambebe mgongoni kutoka kwenye mtumbwi ili asikanyage tope. Alihutubia kwa Kifaransa dakika arobaini, akaiita bac meli ya matumaini, na akauliza kwa siri injini iko upande gani.

"Nilivyoona vile viatu," Wenceslas akasema, "nikajua huyu ndiye."

Falonne akaandika. Akageuza karatasi. "Na Mama Georgette je?"

Georgette, mkewe Wenceslas, alikuwa hatua kumi tu nyuma yao, amechuchumaa, anafunga sombe, majani ya muhogo, vifungu vifungu kwa kamba ya mgomba.

"Andika sawa na yangu," Wenceslas akajibu. "Bibi yangu anachagua vile ninachagua."

Falonne, msomi wa watu, akaandika sawa na ya mume. Georgette akaendelea kufunga.

Na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, niwaambie mimi. Georgette alikuwa anauza sombe katika soko kuu, ng'ambo. Pale gatini kuna desturi ambayo mabwana wa mitumbwi wote wanaifuata: mke wa mwenye mtumbwi anavuka bure, kwa hiyo anavuka mwisho. Nafasi yake ni nafasi ya mteja. Basi Georgette alichuma alfajiri, saa kumi na mbili yuko gatini, na saa nne bado amesimama pale na furushi kichwani, jua linakula majani. Alipofika sokoni, akina mama wa mikahawa walikuwa wamekwisha kununua na kuondoka. Sombe yake iliyonyauka aliwauzia wale wanaobonyeza bonyeza na kusonya. Siku moja alithubutu kupanda mapema, akakaa, akashusha pumzi. "Mama Aurélie, shuka," mumewe akamwambia kwa jina la binti yao, mbele ya watu wote, "kuna mteja." Akashuka. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Jumamosi tu ndiyo siku ambayo hakuvuka, kwani Jumamosi aliingia barabara ya msituni kuwauzia sombe wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mbao.

Namba 47, yule wa viatu vyeupe, alishinda. Alishinda kwa kura nyingi mpaka mwenyewe akashangaa, na Wenceslas akatembea Lubunga nzima akipongezwa kama bwana harusi. Mheshimiwa akavuka kurudi mjini na viatu vyake, na Wenceslas akaipungia mkono bac kama kawaida.

Mwezi wa nane mafundi wakaja. Wenceslas akacheka. "Wanakuja kupiga picha," akawaambia wenzake. Kesho yake mafundi wakafyeka majani. "Picha inataka usafi," akasema. Wiki ya tatu moshi mweusi ukatoka, kuku wakaruka wakipiga kelele, na ile bac, jamani, ikapiga honi. Wenceslas alikaa chini palepale.

Kumbe ile scierie, kile kiwanda cha mbao cha msituni, ilikuwa mali ya Honorable Timothée, ameiandikisha kwa jina la shemeji. Mbao zake zilikuwa zimepangwa huko miaka miwili zinanyeshewa mvua, na malori hayana pa kuvukia. Bac ilifufuliwa kwa ajili ya hizo mbao. Watu waliruhusiwa kusimama katikati ya malori, bure, na walisimama kwa furaha.

"Ametudanganya!" Wenceslas alifoka gatini, mishipa ya shingo imemtoka. "Mutu gani huyu? Anaahidi, halafu anafanya!"

Wateja wake wa miaka kumi na tisa walimpita wakiwa juu ya bac, wakimpungia mkono na kuimba wimbo wa bac, ule alioutunga mwenyewe. Aliwaita kwa majina. Walimjibu kwa upendo, lakini hakushuka hata mmoja. Kwa siku alivusha watu watatu wanne, wale waliochelewa honi, na siku nyingine alirudi nyumbani hajawasha hata injini.

Falonne, kwa upande wake, alipata alama nzuri sana. Ukurasa wa sitini na mbili wa kazi yake unasema wanawake wa Lubunga hupiga kura kwa kuwafuata waume zao.

Asubuhi moja, saa tatu haijapiga, bac ilirudi kutoka mjini na Georgette akashuka na beseni tupu. Sombe imeisha yote, imenunuliwa ikiwa bado na umande. Ndani ya beseni kulikuwa na chumvi, samaki wawili waliokaushwa kwa moshi, na mkate wa mumewe. Akaketi karibu naye ukingoni mwa mtumbwi, akamkatia kipande. Wenceslas akauma mara moja.

"Nilikosea wapi, Mama Aurélie?"

"Haukukosea. Ulitusaidia sana."

"Niliwasaidia banani?"

"Siye ba mama ya soko. Sisi bote tulichagua 47." Akapangusa makombo kwenye kitenge chake. "Zile mbao nilikuwa naziona kila Samedi zinaoza, na bafanyakazi baliniambia ziko za nani. Ingénieur alijua machine, ni kweli. Lakini hakukuwa na kitu yake yenye kuoza huku."

Wenceslas akauweka mkate chini. Bac ilikuwa inapakia tena, malori mawili na umati wa watu, na hakuna aliyetazama upande wao.

"Kama ulikuwa unataka bac," akasema polepole, "juu ya nini haukuniambia, miaka yote hii?"

"Nilikuambia kila asubuhi, Papa Aurélie. Nilikuwa nasimama palepale, sombe ku kichwa. Weye ulikuwa unaita wateja."