Leso Kati Yangu na Mama Mkwe

Kwetu mwanamume hampi mama mkwe wake mkono. Mkikutana njiani, mmoja wenu anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli kwenye shamba la mahindi, anapotelea humo mpaka mwenzake apite. Humwoni akila, naye hakuoni ukitafuna. Hiyo si chuki, ni heshima, na miaka yote ya ndoa yangu niliitunza vizuri. Kilichoniharibia ni sukari.

Ugonjwa ulinikuta nikiwa mtu mzima mwenye duka la jumla hapa Busia, niliyenenepa kwa chapati za kuviringishiwa mayai na soda za kuzisindikiza. Sista wa kliniki, mgeni aliyehamishwa kutoka Pwani, alinipima, akatikisa kichwa, akasema ugali wangu usizidi ngumi. Bibi yangu, binti wa mama mkwe huyo, aliikamata ngumi yangu pale pale, akaikagua kama anayenunua kuku. Tangu siku hiyo nikifika mezani nilikunja ngumi kwa kulegeza vidole ili ionekane kubwa. Yeye akaamua kupima kwa ngumi yake mwenyewe.

Kliniki ya sukari ilikuwa Jumanne tu. Kabla ya kupimwa, wagonjwa wote tulipelekwa kwenye uwanja wa mpira wa kanisa jirani, tukaruka, tukanyoosha mikono na kupaza sauti: "Mimi ni mzima! Mimi naweza!" Sista aliamini kwamba uzima huanzia akilini. Mimi niliamini kwamba ugonjwa ulianzia kwenye soda, lakini nilipaza sauti kama wenzangu.

Jumanne moja niligeuka kushoto, mikono juu, nikipiga kelele kwamba naweza, nikajikuta uso kwa uso na mama mkwe wangu kutoka Bumala. Alikuwa amevaa suruali ya michezo ya mjukuu wake chini ya gauni, mguu mmoja hewani. Katikati ya uwanja wa mpira hakuna mahindi. Mimi nilikimbilia nyuma ya goli. Yeye alijifunika sweta kichwani, akasimama hapo hapo akingoja dunia ipite.

Jioni bibi yangu alinieleza jambo ambalo sikulijua. Mamake alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu, na daktari alikuwa amemwonya kwamba sukari isiposhuka, mguu utakatwa. Na sasa mama amekataa kurudi kliniki, maana hawezi kuruka mbele ya mkwe.

"Basi nitaacha mimi," nikasema.

"Wewe uache ukufe nibaki mjane, ama mama aache nikuje kumbeba mgongoni? Mtaenda wote. Mtajua vile mtafanya."

Jumanne iliyofuata bibi yangu alimleta mamake karibu kwa kumburuta, na wagonjwa wakageuka baraza. Mzee mmoja, mchuuzi wa dagaa wa omena kutoka Sio Port, alitaka kujua kama nilikuwa nimeona goti la mama mkwe. Nikasema niliona suruali.

"Goti ndani ya suruali si goti," akaamua.

"Goti ni goti hata ukiweka kwa gunia," mama mmoja akambishia.

Walibishana mpaka sista akatishia kuwapima wote presha. Mwishowe bibi yangu alivua leso aliyojifunga kiunoni, akafunga kamba kutoka mlingoti mmoja wa goli hadi mwingine, akaitundika leso iwe pazia. Wanawake wakawa wanaruka ndani ya goli, wanaume nje. Leso iliandikwa NANI KAMA MAMA, nami nikawa nasoma maneno hayo kila Jumanne huku natoka jasho.

Chini ya leso niliona raba nyeupe za mama mkwe, moja imekatwa mbele ili kidole chenye kidonda kipumue. Nilizijua raba hizo kuliko nilivyoujua uso wake.

Siku moja mashine ya kupimia ilichelewa kuletwa. Tulikuwa tumekuja bila kula, kama tulivyoagizwa kwa kipimo cha siku hiyo, na mama mkwe, kwa hamu yake ya kupona, alikuwa amemeza dawa nyumbani na tumbo tupu. Katikati ya kuruka, raba zikasita. Zikayumba, kisha zikalala ubavu.

Wanawake wakapiga kamsa. Sista alikuwa ndani akipigania mashine, na wagonjwa wengine wote walikuwa wazee wa magoti mabovu. Mwenye mgongo wa kubeba alikuwa mimi, niliyeanza maisha kwa kupakua magunia mpakani. Wakanitazama. Halafu, Mungu awasamehe, baraza likaanza upya.

"Mkwe hawezi gusa yeye," mama mmoja akasema. "Akigusa, lazima mbuzi ya faini itoke."

"Itoke kwa nani?" akauliza mzee wa omena.

Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Niliing'oa leso kwenye kamba, nikamviringisha mama mkwe nayo, nikainua. Mbele ya Mungu na wagonjwa wenzangu, sikumgusa. Nilibeba leso, na yaliyokuwa ndani hayakunihusu.

Njiani kwenda kliniki alifungua mdomo, macho bado yamefumbwa.

"Ni nani huyo?"

Niliogopa. Nikimwambia ni mimi, angejitupa chini na kidonda chake.

"Ni leso, mama," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Leso, pole pole. Kuna mguu."

Sukari yake ilikuwa imeshuka kupita kiasi, kwa hiyo mgonjwa wa sukari akaponywa kwa maji ya sukari. Mimi nilikaa nje ya mlango nikilia, na watu wakiniona. Sikuwa najua kwamba nampenda yule mama. Ningejulia wapi, na mimi siku zote niko mahindini?

Nilidhani hatarudi. Lakini Jumanne iliyofuata raba zilikuwa pale chini ya leso, na tulipokuwa tukinyoosha mikono, sauti ikapenya kwenye kitambaa.

"Leso, umekunywa chai?"

Nikatazama kushoto na kulia. "Nimekunywa uji wa wimbi, mama."

"Na sukari?"

"Bila."

"Leso, usinidanganye."

"Kidogo tu, mama."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Leso iliulizwa hali ya duka, ikahubiriwa kuhusu mrenda na mboga za kienyeji, ikagombezwa sana kwa sababu ya soda. Nikaacha soda. Bibi yangu alikuwa amenisihi muda mrefu bila mafanikio, na hadi leo hajui nani aliyenishinda.

Kisha ikaja Jumanne ambayo raba zilikuwa kimya, haziruki.

"Leso."

"Mama."

"Daktari ameangalia kidole. Kidonda kimefunga. Mguu unabaki." Raba iliyokatwa ikasogea karibu. "Hata binti yangu sijamwambia. Nimeona wewe ujue kwanza."

Sista alikuwa akituhimiza tuseme tunaweza. Mimi sikuweza. Nilishika pindo la leso nijifute macho, likawa halinifikii. Upande wa pili kulikuwa na mtu amelivuta, anajifuta yake.