Vumbi la Unyayo Wake

Hapa Tinde, kwenye kibanda ninapouzia mchele, vijana wa bodaboda wakikosa abiria hubishana kuhusu washambuliaji. Mmoja atasema pacha nzuri ni mrefu na mfupi, mrefu apige kichwa na mfupi akimbilie. Mwingine atasema hapana, mmoja awe na mbio, mwingine awe na akili. Mimi napima mchele, nimebana mdomo. Siku moja uzalendo ukanishinda, nikawaambia, "Nyie hamjui kitu." Wakacheka sana. Mmoja akaniuliza, "Kwani dada na wewe ulicheza?" Nikamwambia kama hanunui mchele aondoke kibandani kwangu.

Nilicheza. Nilicheza na mwenzangu ambaye tulikua naye hapa hapa Tinde, nyumba zetu zinatazamana. Tulipomaliza shule na kukosa pa kwenda, tulifuatana mpaka Segese kupika chakula cha wachimbaji kwenye banda moja. Asubuhi tunasonga ugali, jioni tunacheza mpira. Timu ilikuwa ya mnunuzi mmoja wa dhahabu. Aliianzisha kwa sababu mnunuzi mwenzake alikuwa na timu ya wasichana, na kule wanaume wenye fedha hawakubali kupitwa hata kwa jambo la kijinga. Watu walituita majike dume. Tulikuwa tunawaambia sawa, leteni mabeki.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Zilinguruma kutwa nzima. Kocha alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na sisi tunaendelea kucheza tu, hatujasikia. Kumwita mwenzako akupe mpira ilikuwa kazi bure. Ndiyo maana mimi na yeye tulijifunza kucheza bila kuitana. Yeye alikuwa mrefu, mgongo mpana, anapokea mpira akiwa amelipa goli kisogo na beki amemganda kama kupe. Bega lake la kushoto likishuka kidogo, mimi nilishajua mpira utapita wapi, naondoka kabla hajaugusa. Nikifika, mpira upo.

Wala hakugeuka kutazama kama nipo. Hilo vijana wa bodaboda hawalitaji kamwe. Mshambuliaji ni mchoyo, ndivyo alivyoumbwa. Akikuachia mpira bila kukuangalia, ujue amekuamini kuliko macho yake mwenyewe. Urefu na mbio vinapatikana popote, hata Masumbwe utavikuta vinazurura stendi. Mtu wa kukuamini hivyo nilimpata mmoja tu.

Mzaha aliuanza yeye. Kuna kipindi goli lilinikataa kabisa, napiga nje, napiga mwamba, nikawa natamani ardhi inimeze. Siku hiyo yeye akafunga, akaja mbio kwangu, akanionyesha unyayo wake pale chini alipopigia. "Chota!" ananipigia kelele sikioni. "Chota kidogo, upate na wewe!" Nikainama, nikachota vumbi, nikajipaka kwenye njumu zangu. Kipindi cha pili nikafunga. Basi ikawa ndiyo staili yetu ya kushangilia. Mmoja akifunga, au akitoa pasi ya goli, mwingine anachota vumbi la unyayo wake. Kwetu hata mtoto anayetambaa anajua mtu anayechota udongo wa unyayo wako anataka nini kwako, na ndiyo maana watu walikuwa wanavunjika mbavu. Kocha peke yake hakucheka. "Nyie mabinti, kuna mambo hayachezewi," alituambia. Tukamwona mshamba.

Aliumia Masumbwe. Alipokea mpira kama kawaida, bega likashuka, mimi nikaondoka. Beki alimfikia mpira ukiwa umeshatoka. Mimi sikuona, nilikuwa natazama kipa. Nikafunga, nikageuka nacheka, nikakimbia moja kwa moja mpaka pale alipopigia pasi, nikainama, nikachota, nikajipaka. Uwanja ukacheka. Halafu ukanyamaza. Nilipoinua macho nikamwona amelala hatua chache tu kutoka nilipoinama, ameshika goti, mdomo wazi, sauti haitoki.

Kuna mtu alirekodi kwa simu. Siku hizi hakuna jambo lisilorekodiwa, laana hiyo. Ukiiangalia ile video humwoni mtu anayeshangilia goli. Unamwona mwanamke anacheka na kuchota udongo wa mwenzake anayegaagaa chini. Ilizunguka Segese yote, ikafika Tinde kabla yetu. Hata mimi nilipoiona mara ya kwanza nilimwogopa yule mtu aliyekuwa anacheka.

Hospitali walisema mshipa wa ndani ya goti umekatika, apelekwe Mwanza akapasuliwe, asicheleweshwe. Mnunuzi alikubali kumpeleka. Kumbe kulikuwa na wengine wenye lao la kusema. Timu zetu zina kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe si wa mpira. Ni watu wa kwenda kwa waganga. Wakasema hii si ya hospitali. Mbaya zaidi, mimi nilianza kufunga. Nilifunga kila mechi, jamani, nilifunga kwa hasira, nikitoka uwanjani nalia. Watu hawakuona machozi. Waliona magoli. "Amechukua nyota ya mwenzake," wakasema. Lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Mwanzoni mwenzangu mwenyewe aliwacheka. "Waache waseme, midomo ni yao," aliniambia kwenye simu, yuko kwao Tinde ameweka mguu juu ya mto. Baadaye akawa anajibu kwa mkato. Baadaye hapokei. Nikajua wamempata. Mtu amelala mchana kutwa na maumivu, kila anayekuja kumpa pole anakuja na neno moja lile lile, kuna siku litaingia tu.

Ndipo mama yake akaja Segese. Alinikuta naosha masufuria. Nikafuta mikono, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa kwenye ndoo niliyomgeuzia. Alikuwa amechoka. "Sikuja kugombana nawe. Wewe umekulia mikononi mwangu. Rudisha tu."

"Nirudishe nini, mama?"

"Udongo. Mganga amesema ukirudi, nyota yake itarudi."

"Mama, ule ulikuwa mchezo! Muulize mwenyewe, ndiye aliyenifundisha!"

"Nimemuuliza," akasema. "Amekaa kimya."

Nilitamani kumfukuza. Nilitamani kumvurumishia sufuria. Lakini nilimuuliza, "Nikirudisha, mtampeleka Mwanza?" Akaniangalia, akasema hata kesho yake. Hapo ndipo niliponaswa. Nikikataa, mimi mchawi mwenye roho mbaya. Nikikubali, mimi mchawi aliyetubu. Ila goti lilikuwa linaoza huku sisi tunabishana, na mimi nilikuwa nalitaka lile goti kuliko jina langu. Nikasema sawa, potelea mbali.

Nikazichukua njumu zangu, nikakwangua soli kwa kijiko, nikakusanya vumbi kwenye kipande cha kanga. Lilikuwa vumbi la viwanja vyote tulivyocheza, na la Segese zaidi. Nikaja nalo Tinde mchana kweupe, maana mganga alitaka watu waone. Ua lilijaa. Majirani, shangazi, wale wa kamati. Wengine wameshika simu juu. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele.

Walikuwa wamenipa maneno ya kusema. Kabla sijayasema nikatazama bega lake. Nilijiambia atanipa ishara tu, hata ndogo, kwamba anajua hili ni igizo, kwamba tunawapiga chenga hawa wote twende zetu Mwanza. Nikasubiri. Bega halikushuka. Nikasema, "Nimerudisha nilichochukua." Watu wakapumua kama waliotua mzigo. Mama yake akanishukuru, wabeja, wabeja sana, akasuuza mikono yangu kwa maji. Mganga akampaka lile vumbi gotini.

Kesho yake niliamkia kwao na begi langu, tayari kwa safari. Nikamkuta amesimama uani bila fimbo. Uvimbe ulikuwa umeshapungua kwa mapumziko ya muda wote ule. Daktari alitueleza mapema kwamba utapungua na kwamba tusidanganyike. Mama yake anatokwa na machozi ya furaha. "Umeona?" ananiambia. "Udongo umerudi. Mwanza ya kwenda kufanya nini tena?"

Nililia, nilibembeleza, nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikasema nilidanganya, sikurudisha chochote, ni vumbi tu la viatu! Shangazi mmoja akasema, "Mnamsikia? Anataka kuichukua tena." Nikaokota begi langu. Ushahidi wa uchawi wangu nilikuwa nimeupeleka mwenyewe, umefungwa vizuri kwenye kanga.

Alirudi uwanjani kabla mvua hazijaanza, uwanja wa hapa hapa Tinde, mechi ya kirafiki. Mimi sikuruhusiwa kucheza naye. Nilisimama nyuma ya goli. Akapokea mpira, beki mgongoni, bega la kushoto likashuka, na mimi, hata sijui kwa nini, nikapiga hatua moja. Hakukuwa na mtu wa kuupokea ule mpira. Goti likakatika akiwa peke yake, hajaguswa na mtu, na safari hii sauti ilitoka.

Walisema nimerudisha nusu. Mnunuzi alikuwa ameshachoka na habari zetu, timu akaivunja, na Mwanza ikawa hadithi. Nilimwendea mwenzangu mara moja tu, mama yake alipokwenda sokoni. Nikamwambia, "Wewe unajua. Wengine wote waache, lakini wewe unajua, wewe ndiye uliyeniambia nichote."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Masumbwe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ndiyo, nilikwambia uchote," akasema. "Lakini nilikwambia uchote kidogo."

Sijacheza tena. Njumu nilizichoma. Siku hizi anauza nyanya upande wa pili wa barabara, anatembea na fimbo, goti limepinda kwa ndani. Mara ya kwanza tulipokutana kwenye njia ya kwenda kisimani, nilimwamkia, "Mwangaluka." Hakuitikia. Alisimama, akageuka nyuma, akainama taratibu kwa maumivu, akaanza kufuta nyayo zake kwa ncha ya fimbo, mmoja baada ya mwingine, mpaka pale alipoona zimetosha. Jasho linamtoka. Nami nimesimama na ndoo yangu, siwezi kumsaidia hata kufuta.

Tangu hapo nimemsoma upya. Najua anatoka saa ngapi, na akitaka kuvuka barabara fimbo huitanguliza kwa mkono gani. Nikiona inatangulia, naondoka kabla hajainua mguu, napita nyuma ya mashine ya mpunga, njia ndefu yenye miiba. Sitaki ainame na goti lile.