Silaha ya Pili ya Khatibu

Khatibu wa mapazia, kama wanavyomwita Watanzania wa Fordsburg, alikuwa na silaha moja na hofu isiyokwisha, na alijiaminisha kwamba akipata silaha ya pili hofu itapungua. Huyu ni mtu aliyetoka Tanga kijana, akauza mikanda na miavuli kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yakisimama anakimbilia madirisha, mpaka akapata duka lake mwenyewe la mapazia na mablanketi. Ukazi wa kudumu akaupata, nyumba ya kupanga kule Mayfair akaipata, mkewe Mwanaharusi akamfuata, na binti yao Yasmin akazaliwa hukuhuku Johannesburg. Mpole kupita kiasi. Huwapunguzia wateja bei mpaka wanamwonea huruma wenyewe. Ukimwona na utepe wake wa kupimia shingoni, humdhanii hata kidogo kwamba chini ya shati amefunga bastola.

Bastola ilikuja baada ya msiba wa Pandu. Pandu alikuwa shemeji yake, mdogo wake Mwanaharusi, na ndiye aliyekuwa akisimama kaunta. Asubuhi moja Khatibu alikuwa stoo nyuma, anapanga mablanketi ya msimu wa baridi, akasikia watu wameingia dukani, wakasema maneno mawili matatu kwa Kizulu, kisha mlio. Alibaki amejibanza nyuma ya majora ya vitambaa mpaka kukawa kimya kabisa. Alipotoka, Pandu alikuwa ameshakwisha.

Katika matanga Mwanaharusi alimwambia mumewe neno moja tu. "Mdogo wangu kafa, na wewe ulikuwepo." Hakulirudia tena, na Khatibu hakulisahau. Baada ya arobaini akaongeza la pili, wakiwa jikoni, anaosha vyombo na kumpa mgongo. "Baba Yasmin, mimi ndani ya nyumba hii silali usingizi. Weka ulinzi niuone kwa macho yangu. Ukishindwa, nirudishe kwetu Tanga, na mtoto nitakwenda naye."

Basi Khatibu akaomba kibali, akafundishwa, akafanya mtihani, akanunua bastola. Haikutosha. Bastola inashinda dukani kiunoni mwako, alisema Mwanaharusi, na mimi niko huku na Yasmin, nilindwe na nini, na sufuria? Ukweli ni kwamba hata Khatibu haikumtosha. Alikuwa akirudi nyumbani anaishika shika kwa juu ya shati kama mtu mwenye jipu. Na jambo jingine lilikuwa limemwingia, la kipumbavu, na mwenyewe alijua ni la kipumbavu. Tangu siku ile, akisikia Kizulu nyuma yake, anageuka upesi kutazama mikono ya msemaji. Nusu ya wateja wake wanazungumza Kizulu. Mama mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, aliyemlilia Pandu kuliko ndugu wengine waliolishwa naye, anazungumza Kizulu. Yasmin mwenyewe anakizungumza kutwa na wenzake wa shule, na nyumbani ukimsemesha Kiswahili anakuelewa vizuri tu, lakini jibu linakuja kwa lugha yoyote isipokuwa hiyo.

Aliyempeleka kutazama silaha ya pili alikuwa Elisée, Mkongo wa Lubumbashi anayelinda maghala huko Midrand. Elisée anapenda silaha kama wengine wanavyopenda mpira. Njia nzima aliongea.

"Mzee Khatibu, ile pistole yako iko muzuri kwa kutembea," alisema. "Lakini ku nyumba unatafuta kitu cha kuogopesha. Mwizi akisikia tu sauti yake, anakimbia. Miye nakuambia."

Duka lilikuwa la mzee mmoja wa Kizungu, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mtaratibu, asiye na haraka ya kuuza. Sheria ya huku, aliwakumbusha kwa Kiingereza, inampa mtu silaha moja tu ya kujilindia. Anayetaka ya pili ajiunge na chama cha wapiga shabaha, aiombee kwa mlango huo, na polisi watakwenda nyumbani kuuliza watu. Khatibu akasema yote hayo ameyakubali, na chama ameshaingia. Mzee akapanga vitu juu ya kioo.

Kulikuwa na bastola ndogo ya kuingia mfukoni. Khatibu akaishika, ikamponyoka kidogo, vidole vyake ni vinene na kitako cha bastola kilikuwa kifupi. Mzee akamwambia kwamba ndogo ndizo ngumu kupigia, hasa kwa anayeanza. Kulikuwa na ya magurudumu, ile ya tumbo linalozunguka, isiyohitaji kukokiwa, ukiitoa unafyatua tu. Triga yake ilikuwa ngumu, Khatibu akaivuta kwa vidole viwili. Mwisho mzee akaleta bunduki ndefu ya marisau, inayotema vyuma vidogo vingi kwa mpigo mmoja. Elisée akaguna kwa raha.

"Hii njo yenyewe," akasema.

Khatibu akaiweka begani, akauelekeza mdomo ukutani, akajiona mtu. Tusimcheke. Mtu aliyewahi kujificha nyuma ya majora ya vitambaa akapewa chuma kirefu namna ile, lazima asimame wima kidogo. Mzee akamwachia dakika, kisha akamuuliza mlango wa chumba chake unatazama wapi. Unatazama ukumbi, akajibu Khatibu. Na mwisho wa ukumbi kuna nini? Kuna chumba cha binti yangu. Ukuta wake wa nini? Khatibu akafikiri, akasema ni wa mbao laini, mwenye nyumba alikata sebule akapata chumba. Mzee akaichukua bunduki taratibu mikononi mwake. Marisau hayasimami kwenye mbao, alisema. Rudi nyumbani kwanza, ujifunze hiyo moja uliyo nayo, uijue gizani na mwangani, halafu tuzungumze.

Neno lile lilikuwa la kusikiwa. Lakini Elisée njiani akalivunja vunja. "Anaogopa sheria, huyu. Utahamisha kitanda cha mtoto upande wa pili, basi, imeisha." Na Khatibu, aliyekuwa akimwona Mwanaharusi na sanduku lake la safari kila akifumba macho, akaona kweli, kitanda si kitu cha kushindwa kuhamisha. Wiki ile ile akapeleka maombi ya bunduki ya marisau.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Ilikuwa alasiri ya baridi kavu, jua kali lisilopasha moto. Mwanaharusi alikuwa Fordsburg kununua viungo, Yasmin alikuwa kwa rafiki yake, na Khatibu alikuwa peke yake nyumbani, amejifunika blanketi, nusu anasinzia. Bastola ilikuwa ndani ya sefu, magazini yake ya risasi pembeni, kama alivyofundishwa. Akasikia mlango wa jikoni unafunguliwa polepole.

Watu wa nyumba ile walikuwa na desturi yao tangu Pandu afe: anayeingia anapiga hodi, hata kama ana ufunguo, na anasubiri akaribishwe. Khatibu aliiweka mwenyewe. Aliona ni alama ya kutosha, wa kwetu atasema hodi na mwizi hawezi kuijua. Hakuwaza kwamba mtoto aliyezaliwa mji huu hodi kwake ni neno la wageni wa mama yake.

Hodi haikupigwa. Khatibu akaenda kwenye sefu, akaitoa bastola, akaichomeka magazini, akatoka ukumbini. Akaita kwa Kiswahili, nani huyo? Kutoka jikoni ikamjibu sauti, kwa Kizulu. Ilikuwa inasema ni mimi tu. Sauti yenyewe ilikuwa na kicheko ndani yake, kwa kuwa Yasmin alidhani baba anamtania. Khatibu hakusikia kicheko wala hakusikia sauti ya mtoto wake aliyoijua tangu inalia hospitali. Alisikia lugha. Mtu akajitokeza kwenye kona ya ukumbi, amevaa kofia ya sweta mpaka machoni, mkononi kashika kitu, na Khatibu akamwelekezea bastola kifuani, akavuta triga.

Ikalia tik.

Alikuwa amesahau kukoki ili risasi ipande kwenye mtutu. Hatua wanayofundishwa watu siku ya kwanza kabisa, aliisahau, na kusahau huko ndiko kulikomwachia mtoto. Yasmin alikuwa ameshika mkate. Walitazamana. Aliuweka mkate sakafuni pole pole, kama anaogopa hata mkate utalia, akapita pembeni ya baba yake akiuegemea ukuta, akaingia chumbani kwake. Khatibu akaketi pale pale chini. Mwanaharusi aliporudi na bizari zake alimkuta amekaa jikoni na mkate mbele yake, akamuuliza mbona umepauka, akasema ni baridi.

Hakumwambia. Yasmin naye hakusema. Khatibu alikuwa na sababu zake za kunyamaza, na zote zilikuwa za ovyo. Alijiambia kosa ni la bastola, kitu kidogo kinachotoka upesi mno; bunduki ndefu inampa mtu muda wa kufikiri. Alijiambia mtoto ameshasahau. Mtoto aliyekuwa akila chakula chake chumbani sasa, aliyekuwa akipita ukumbini mbio. Na chini ya hayo yote alijua kwamba Mwanaharusi akilisikia hili, hatangoja hata nguo zikauke, atamchukua Yasmin aende. Hilo tu ndilo alilokuwa akilikimbia.

Polisi wakaja. Alikuja mmoja, sajenti mwanamke, mnene, mwenye sauti ya upole, akavua kofia yake mlangoni. Akakagua sefu, akaitikisa kuona kama imeshikwa vizuri ukutani, akaridhika. Kisha akasema anataka kuzungumza na mke, maana ndivyo inavyotakiwa, na mume akae lakini asimjibie. Kiingereza cha Mwanaharusi ni cha sokoni, cha bei na rangi. Sajenti akamtazama Yasmin, akamuuliza kama anaweza kuwasaidia. Yasmin akaketi katikati yao.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea, lakini kilifika. "Mama, anauliza wewe unataka Baba apate hii bunduki?"

"Mwambie nataka," alisema Mwanaharusi. "Mwambie mdogo wangu aliuawa. Mwambie mimi naogopa kwenye nyumba yangu mwenyewe."

Yasmin akayapeleka. Sajenti akatikisa kichwa kwa huruma. Akauliza kama mume hunywa pombe, Mwanaharusi karibu acheke. Akauliza kama huwa anampiga. Hapana. Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, akauliza kama mwanamume huyu amewahi kumwelekezea silaha mtu yeyote wa nyumba hii.

Yasmin hakufasiri. Alikuwa akitazama magoti yake. Khatibu, aliyekielewa Kiingereza kile neno kwa neno, akageuza macho upande wa ukumbi.

"Kasemaje?" akauliza Mwanaharusi.

"Anauliza," Yasmin akasema. "Anauliza Baba amewahi kuelekeza silaha kwa mtu wa hapa. Hapa ndani."

"Aka, hajawahi. Hata siku moja. Mwambie huyu mtu hata kuku hachinji, anamwita jirani."

Yasmin akamgeukia sajenti. Sasa zamu ilikuwa yake. Khatibu aliona jinsi mtoto yule wa miaka kumi na mitano anavyojikaza kumbebea baba yake uongo ambao mama hakujua kwamba ni uongo. Akasema, kwa Kiingereza safi kabisa, mama anasema hajawahi. Akakazia neno mama. Sajenti akashika kalamu.

Khatibu alisema bila kupanga. Alisema kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiswahili asingeweza, na kwa sababu katika Kiingereza maneno yalikuwa kama ya mtu mwingine. Alisema mke wangu hajui. Alisema nilimwelekezea huyu, mwanangu, pale ukumbini, nikavuta triga, na bastola haikuwa imekokiwa. Alisema hii ya pili siitaki, na ile ya kwanza iko kwenye sefu, ondoka nayo leo.

Sajenti akaweka kalamu chini. Mwanaharusi alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, mume, askari, mtoto, na uso wake ulianza kubadilika kwa yale aliyoyaona machoni mwao.

"Yasmin," akasema. "Baba yako kasema nini?"

Yasmin alianza kulia, kimya kimya. "Eish, Mama," akasema. Kisha akamtazama baba yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. "Siwezi. Mwambie mwenyewe, Baba. Kwa Kiswahili."

Khatibu akamwambia. Ilikuwa fupi zaidi kwa Kiswahili, na ilimchukua muda mrefu zaidi. Mwanaharusi hakumtazama. Alisogea akaketi karibu na binti yake, akaanza kumpapasa kichwani, shingoni, mabegani, kifuani, akirudia tena na tena, kama anatafuta pahali risasi ilipoingia.