Mtani Aliyegeuzwa Mpinzani

Juzi nilikuwa kwa dada yangu Ruangwa mjini, mwanawe akaniletea kazi ya shule: eleza maana ya neno la Kiingereza "opponent". Nikamjibu haraka, mpinzani, mtu unayeshindana naye. Akaandika, akakimbilia kucheza. Mimi nikabaki kibarazani na chai yangu ikipoa, maana habari za wapinzani nilizijua Nandagala kabla sijajua Kiingereza.

Nililelewa huko, kwa bibi yangu. Ng'ambo ya njia aliishi mzee mmoja ambaye ukoo wake na wetu ni watani, na miaka yote hakuwahi kumsalimia bibi kama watu wanavyosalimiana. Asubuhi tunaokota korosho, mikono inanuka mabibo, yeye anasimama njiani na kupaza sauti, "Wee bibi mchoyo, leo tena umewanyima chakula hawa watoto?" Bibi anajibu bila kuinua kichwa, "Pita zako, mwizi wa kuku." Jioni mwizi huyohuyo yuko mkekani kwetu, anamega ugali wa muhogo kwa kisamvu na kulalamika kwamba chumvi hakuna. Hata mpira na watoto wa kijiji cha Narung'ombe ulikuwa hivyo. Tulizomeana mpaka sauti zikakauka, kisha tukakaa chini tukagawana mabibo.

Lakini kazi kubwa ya mtani ilikuwa msibani. Katika msiba mmoja wa ukoo wetu, mzee yule alijifunga kanga ya marehemu, akaiga mwendo wake, akajilaza mlangoni akidai apewe kuku ndipo jeneza lipite. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Bibi alimwambia mbele yetu, "Siku yangu usije ukanyamaza. Unicheke mpaka kaburini." Mzee akaahidi kuiga anavyochungulia vyungu vya majirani, na bibi alikuwa na furaha siku nzima.

Kisha ukaja uchaguzi wa kijiji. Baba, mwana wa bibi, aligombea uenyekiti kwa chama hiki, mzee kwa kile. Wakaja wageni na vipaza sauti, watu wasioujua utani wetu, wakatuambia mpinzani ni mtu wa kuchungwa. Mzee alipopewa nafasi ya kusema, alisema nyumba yetu ni ya wachoyo. Ndilo neno alilolisema kila asubuhi tangu sijazaliwa. Wapambe wakalibeba mpaka kwa baba, wakamwambia ametukanwa, na baba, ambaye alikulia ndani ya utani huo, akakubali kwamba ametukanwa. Aliposhinda alimpeleka mzee kwenye baraza la kijiji. Mzee akasimama mbele ya watu wazima wenzake, akavua kofia, akasema, "Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti." Tangu siku hiyo hakuvuka tena njia. Bibi aliendelea kumpikia kwa mazoea, na kisamvu kikawa kinalala chunguni.

Bibi alifariki wakati wa kuvuna ufuta. Mzee alikuja, siwezi kumsingizia. Alikaa nyuma kabisa na kanzu yake safi, mikono magotini. Shangazi alimfuata akapiga magoti mbele yake.

"Baba, sema japo moja tu. Alikuomba mwenyewe."

"Nikisema nitaitwa barazani, mwanangu," akajibu taratibu. "Niacheni nizike kama wengine."

Jeneza likatoka na mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyelala pale, hakuna aliyedai kuku. Nilimwona baba akigeuka kumtafuta mzee kwa macho, lakini mzee alikuwa anatazama chini. Nilimchukia baba siku ile, na sehemu ya chuki hiyo ninayo mpaka leo, ingawa naye ameshakwenda.

Mzee naye alifariki baada ya baba, na kwake pia jeneza lilipita bila kuzuiwa, kwa kuwa sisi watani wake tulikaa nyuma, kimya, na kanzu zetu safi. Siku hizi nikifika Nandagala wajukuu zake wananiamkia vizuri. Shikamoo, habari za safari, poleni na jua. Naitikia marahaba, nawauliza habari za shamba. Tunaheshimiana mno. Lakini akifa mmoja wetu, mwenzake hatajua hata alikuwa anatembeaje.